Unene wa Jalada

Jumapili, 7 Mei

Daftari hili nimepewa na Yamilé, muuguzi wa chumba cha figo, ili niandike maji anayokunywa Evelio na uzito wake. "Kila siku, mama Odalys, hata kama hakuna jipya." Haya: vikombe vinne, kahawa ikiwemo. Kilo sabini na moja. Sehemu iliyobaki ya ukurasa ni yangu. Mume wangu siku hizi haongei, kwa hiyo nitaongea na karatasi.

Jumatatu, Jumatano na Ijumaa damu ya Evelio inasafishwa kwa mashine huko Pinar del Río, kilomita thelathini na moja kutoka hapa. Mpaka Machi lilikuwa linakuja gari kumchukua. Sasa petroli hakuna, tunaambiwa tuvute subira. Figo hazijui subira. Basi nampeleka mwenyewe kwa Mrusi, pikipiki ya Kirusi ya marehemu baba mkwe, ya mwaka 1974, yenye kigari cha pembeni. Evelio anakaa kwenye kigari amejifunika turubai mpaka kidevuni, mimi naendesha. Petroli yetu naipata kwa njia ambazo sitaziandika hapa.

Fundi wa Mrusi alikuwa Evelio. Sasa mikono inatetemeka na kuinama hawezi, kwa hiyo yeye anakaa kwenye kiti cha kubembea na kuamuru, mimi nachafuka. Kazi ya Jumapili ni pointi: vile vyuma viwili vidogo kama punje za dengu vilivyo nyuma ya kifuniko cha mbele cha injini, vinavyofungana na kuachana ili plagi itoe cheche. Pengo kati yake likizidi ni tabu, likipungua ni tabu kubwa zaidi: cheche inafifia na vyuma vinaungua.

Mafundi wa kwingine wana vipimo vya chuma. Hapa kwetu kila fundi ana jalada la kitabu cha mgao wa chakula. Letu ni la mwaka 1986, wakati majalada yalikuwa magumu kweli. Baba mkwe alilikata vipande viwili virefu, kimoja akampa Evelio na kingine akampa Fermín, mdogo wa Evelio. Unapitisha kipande kati ya pointi. Kikitoka kwa kusitasita, pengo liko sawa. Evelio anakiweka mfukoni mwa shati na kunikabidhi kwa mkono wake mwenyewe, kila Jumapili.

Jumatatu, 8 Mei

Tumekwenda, tumerudi. Vikombe vinne.

Ijumaa, 12 Mei

Mvua za kwanza. Barabara ya mlimani imeanza kuteleza. Tumefika kwa wakati. Yamilé amemsifu Evelio kwa uzito, Evelio amemwambia, "Sifa hizo mpe anayenifungia maharage kabatini."

Jumapili, 14 Mei

Nimepima pointi. Kile kisigino kidogo kinachosukuma pointi zifunguke kilikwisha mwaka jana, na kwa kuwa vipuri havipo, Fermín alichonga kingine kutokana na kigae cha domino, kile chenye nukta tatu kila upande. Tatu-tatu. Tangu hapo tunacheza domino na kigae kimoja pungufu, na anayestahili kuwa na tatu-tatu anasema tu, "Tatu-tatu, iko kazini," mchezo unaendelea.

Fermín amekuja jioni, kama kila Jumapili. Ni fundi katika karakana ya ushirika wa tumbaku. Amemzunguka Mrusi mara mbili akimpapasa tangi.

"Shemeji, umempaka matope mzee wangu."

"Mzee wako anatembea, shemeji. Anayetembea anachafuka."

"Mimi ningemweka aking'aa."

"Ungemweka kwenye banda mumpigie picha."

Amecheka, lakini kicheko cha mtu aliyekuwa akitaka pikipiki hiyo tangu siku ya mazishi ya baba yake.

Jumatatu, 15 Mei

Mrusi amekataa kuwaka. Nimepiga teke la kuwashia mpaka goti likalia. Plagi nimezitoa, nimezikausha kwenye jiko la kahawa, nimezirudisha. Teke tena. Evelio alikuwa kwenye kigari tayari, amefumba macho. Baada ya dakika hamsini amekohoa na kushika, njiani akawa anakatakata kila tulipopanda mlima. Tumechelewa, wamempunguzia saa moja ya mashine ili mgonjwa mwingine asikose zamu.

Yamilé alinishika bega. "Siku nyingine akichelewa tutapambana. Jumatatu hapana, mama. Kutoka Ijumaa mpaka Jumatatu ndiyo kipindi kirefu zaidi, sumu inakuwa imejaa. Jumatatu ndiyo inayoua watu." Amesema mbele ya Evelio bila kupunguza sauti. Evelio aliitikia kwa kichwa kama mtu anayeelezwa njia.

Jumanne, 16 Mei

Fermín ametoka kazini akaja moja kwa moja. Amefungua kifuniko, akaniita nitazame. Pointi zilikuwa zimeiva rangi ya buluu.

"Zimeungua. Kondensa hiyo." Ametoa kondensa, kile kikopo kidogo kinachozuia pointi zisiungue, ya gari bovu la ushirika, akaifunga, akasugua pointi kwa msasa, akapima kwa jalada lake. Mrusi ameshika kwa teke la kwanza. "Shemeji, mwanamke wa kuchambua majani asijitese na mambo ya umeme. Niitie mimi."

Nilichambua majani ya tumbaku miaka ishirini na sita. Nilikuwa nafumba macho nakwambia kwa kidole kama jani ni la ndani ya sigara au la kufungia nje, lipi nene, lipi jembamba kwa unywele mmoja. Nimemjibu kwamba umeme hauwezi kunishinda, ila sikuongeza neno kwa sababu Mrusi alikuwa ananguruma vizuri mno.

Jumatano, 17 Mei

Safi.

Ijumaa, 19 Mei

Safi. Vikombe vinne na nusu, ameiba nusu.

Jumamosi, 20 Mei

Nimefua. Mfuko wa shati la Evelio ulikuwa na vijikaratasi vimesokotwa kama nyuzi, vimeganda. Nilidhani ni tiketi. Mvua siku nzima.

Jumapili, 21 Mei

Nimepima pointi, ingawa zilikuwa zinaonekana sawa. Evelio amesema Jumapili ni Jumapili. Pengo lilikuwa kubwa kidogo kuliko kipimo, nimelibana. Fermín amekuja kwenye domino, ameshinda mara nne, ameenda kumwangalia Mrusi "kidogo tu" wakati mimi napika.

Jumatatu, 22 Mei

Naandika nikiwa bado na tope kwenye nywele.

Mrusi ameshika kwa taabu saa kumi na moja alfajiri. Tumepita kijiji, tumepita kituo cha kukaushia tumbaku, tumeanza mlima, na katikati ya mlima amepiga bomu moja la moshi akazima. Giza lilikuwa linaachia, mvua inatupiga usoni. Nimemsukuma pembeni, nimefungua kifuniko, nimekausha ndani kwa kitambaa changu cha kichwa, nimefunga. Teke. Hakuna. Teke. Hakuna. Evelio ndani ya kigari, turubai mpaka kidevuni, macho yamefumbwa.

"Unasali au umelala?" nilimuuliza kwa hasira.

"Nasikiliza. Cheche ni dhaifu."

"Hilo nalijua! Kwa nini ni dhaifu?"

"Kazeeka, Odalys. Kila kitu kina mwisho wake."

Aliongea kwa upole, na upole ule uliniudhi kuliko mvua. Lori la matofali limetukuta saa mbili, dereva amembeba Evelio mgongoni mpaka kwenye kiti cha mbele. Tumefika saa tatu na nusu. Wametupa zamu ya mchana. Miguu ya Evelio ilikuwa imevimba, nikibonyeza kidole alama inabaki.

Nimekaa kwenye benchi pale nje nikafikiri vizuri kwa mara ya kwanza. Jumatatu iliyopita, Jumatatu hii. Jumapili anakuja nani? Na Jumanne anayekuja kuwa shujaa ni nani?

Jumanne, 23 Mei

Shujaa amekuja. Pointi buluu tena. Amesugua, amepima, teke moja. "Naona kondensa nayo ilikuwa ya mgonjwa," amesema, akabadilisha nyingine. Nimemtazama mikono yote miwili wakati wote. Sikuona kitu.

Ijumaa, 26 Mei

Jumatano safi, leo safi. Bila shaka.

Jumamosi, 27 Mei

Nimefua. Vijikaratasi tena. Nimemwambia Evelio aache kuchezea tiketi mfukoni, amesema sawa. Ameomba ndizi za kukaanga. Haruhusiwi na anajua. "Moja tu, nusu," akasema, "kama mwaka mpya." Nimemnyima, halafu nimelia jikoni kwa ajili ya ndizi, mwanamke mzima.

Jumapili, 28 Mei

Leo nimekuwa mjanja. Nimepima pointi kwa jalada letu, nimelibana pengo vizuri, nimefunga kifuniko, kisha nimechukua rangi nyekundu ya kucha ya jirani yangu Migdalia nikapaka tone juu ya kila skrubu. Atakayefungua atavunja rangi.

Fermín amekuja, domino, "tatu-tatu iko kazini", kahawa. Ameenda kumwona Mrusi "kidogo tu". Nimemwacha aende.

Jumatatu, 29 Mei

Rangi haijavunjika. Hata tone moja.

Na Mrusi hajawaka. Nimepiga mateke mpaka nimetapika. Tumekaa barabarani mbele ya nyumba, chini ya turubai, mpaka saa tatu, hakuna kilichopita ila farasi. Migdalia amepiga simu hospitali, wamesema watatuma gari wakipata petroli.

"Turudi ndani," Evelio amesema. "Siku moja si kitu."

"Yamilé alisemaje kuhusu Jumatatu?"

"Yamilé ni mtoto mzuri."

Hilo si jibu. Kilo sabini na nne.

Jumanne, 30 Mei

Nimegombana na Fermín uani, mbele ya Migdalia na kuku wake wote.

Nilikuwa nimelipanga kichwani tangu jana. Kama hafungui kifuniko, basi ubaya ameuweka ndani zamani: kile kisigino cha domino. Kinalika, pengo linajifunga lenyewe, na yeye anajua lini litajifunga.

"Umechonga kitu laini makusudi," nimemwambia, "ili kila wiki nikupigie magoti, mpaka nichoke nikwambie chukua pikipiki."

Alikuwa ameshaanza kukunja mikono ya shati. Aliikunjua, mmoja, halafu wa pili. "Kigae kile ni kigumu kuliko kichwa chako, shemeji. Huyo ndani ni kaka yangu."

"Kaka yako amekosa mashine jana kwa ajili yako."

"Sema tena."

Nimesema tena. Ameondoka bila kugusa spana hata moja. Evelio alikuwa dirishani, amesikia yote, na hakusema neno la kumtetea ndugu yake. Hilo lilinishangaza kidogo, nikalichukua kuwa ananiunga mkono.

Jumatano, 31 Mei

Nimepima upya, kwa utulivu, mara tatu. "Nipe kipimo." Evelio amenipa. Nimelibana pengo mpaka jalada likatoka kwa kusitasita kama alivyonifundisha. Hajawaka. Gari la hospitali halijaja. Kilo sabini na sita. Uso wake umevimba, pete imezama kwenye kidole. Amekunywa vikombe viwili tu, hataki hata maji.

Alhamisi, 1 Juni

Mvua. Analala akiwa amekaa.

Jumamosi, 3 Juni. Hospitali

Sasa naweza kuandika ya jana.

Jana alfajiri alikuwa anavuta pumzi kwa sauti, kama anayekunywa supu ya moto. Nimemvisha, nimemweka kwenye kigari, nimempiga Mrusi mateke mangapi sijui. Ameshika, akawa anapiga chafya na kutetemeka, nami sikuthubutu kuachia mafuta. Tumefika daraja la pili, maji ya mto yakiwa yamefika juu ya mbao, na pale pale katikati amezima.

Nimepiga teke nikiwa ndani ya maji. Nimepiga nikitukana, nikimtukana Fermín, mama yake Fermín, Mungu anisamehe ndiye mama mkwe wangu. Evelio alifumbua macho. Midomo ilikuwa ya rangi ya zambarau. Alinishika mkono wa koti akanivuta, kwa nguvu ambazo sikujua anazo.

"Samahani," akasema.

"Nyamaza, hifadhi pumzi."

"Odalys. Samahani."

Nilidhani anaomba radhi kwa usumbufu, kama wagonjwa wafanyavyo. Nilimwambia asiwe mjinga. Alikuwa anaogopa, nilimwona anaogopa, hakuuachia mkono wangu.

Mzee mmoja mwenye mkokoteni wa ng'ombe wawili, akiwa amebeba viazi vitamu, alitukuta. Alimwaga magunia mawili barabarani bila kuulizwa, tukamlaza Evelio. Kwenye barabara kuu tulisimamisha gari la posta. Hospitalini Yamilé alikuwa anakimbia nalo kabla halijasimama. Wamemfunga mashine saa sita mfululizo. Daktari amesema saa mbili zaidi tusingekuwa na mazungumzo haya. Wanamweka mpaka Jumatatu.

Nimemwacha Mrusi darajani. Atakayemtaka amchukue.

Jumapili, 4 Juni

Nimerudi nyumbani kuchukua nguo safi, nimemkuta Mrusi uani. Safi, hana tope. Fermín amekaa kwenye kiti cha kubembea cha kaka yake.

"Nimemsukuma mpaka hapa," amesema bila salamu. "Nimefungua. Kisigino changu kizima, njoo utazame. Hakijalika hata kidogo. Lakini pengo lako, shemeji, ni kama hakuna. Zinakaribia kugusana. Nani anapima hivyo?"

"Mimi. Kwa jalada la baba yenu."

"Haiwezekani."

"Nimepima mara tatu!"

"Basi lete hilo jalada."

Lilikuwa kwenye shati la Evelio, lile alilovaa Ijumaa, nililopewa hospitalini ndani ya mfuko wa plastiki. Nimelitoa. Fermín ametoa la kwake. Vipande viwili vya jalada moja, kingo zilipokatwa bado zinaoana. Ameviweka kwenye kiganja changu.

Vidole vyangu vimejua kabla yangu. Nimefumba macho kama nilivyokuwa nikifanya kiwandani, nikavipitisha kati ya gumba na shahada, hiki, kile, hiki, kile. Letu halifiki nusu ya lake. Miaka ishirini na sita napambanua majani kwa unywele, na hili limepungua mikononi mwangu Jumapili baada ya Jumapili, mikono ikiwa na grisi, nisijue.

"Limechakaa," nimesema.

Fermín amelichukua, ameligeuza. Upande wenye maandishi ulikuwa mzima, hata muhuri unasomeka. Upande wa nyuma ulikuwa mweupe na wenye manyoya, mweupe mpya. "Kilichochakaa kinachakaa pande zote, shemeji. Hii imechunwa. Tabaka kwa tabaka."

Nimeingiza mkono tena kwenye mfuko wa shati. Chini kabisa, pale kwenye mshono, kulikuwa na vijikaratasi vimesokotwa kama nyuzi.

Kuku wa Migdalia wamekuja, wamezunguka, wameondoka. Kila alipokuja Fermín na jalada lake Mrusi aliwaka, na kila nilipopima mimi akazima, na mimi nikaona wivu wa mtu badala ya kuona karatasi.

"Nimekutukana," nimemwambia.

"Na mama yangu pia, amenisimulia yule mzee wa mkokoteni." Amefuta macho kwa mkono wenye mafuta. Ameniachia jalada lake, ameondoka kwa miguu.

Jumanne, 6 Juni

Fermín alikuja hospitali jana kutuchukua kwa Mrusi. Leo asubuhi nimemngojea Evelio amalize kahawa, nikaweka vipande viwili mezani.

Aliviangalia. Hakujaribu kujifanya.

"Lini ulianza?"

"Mvua zilipoanza."

"Kwa nini?"

"Nilitaka kosa liwe la pikipiki." Alikuwa anaongea na meza. "Si langu, si lako. Jumatatu moja asiwake, basi. Watu wangesema Mrusi kazeeka, maskini Evelio. Na wewe ungelala mpaka jua litoke, kama binadamu wengine."

"Mkono ulikuwa wangu!" Nilipiga kelele, sikujali Migdalia. "Umeutumia mkono wangu, Evelio. Mimi ndiye niliyekuwa nalibana lile pengo. Ungekufa pale darajani, ningekuwa nimekuua mimi, na nisingejua!"

"Ndiyo maana. Usingejua."

Nilitaka kumpiga. Naliandika kwa sababu ni kweli. Mtu wa kilo sabini na mbili, ngozi na mifupa na maji, nilitaka kumpiga kofi. Badala yake nimeosha vikombe vyote, hata visafi.

Kisha nimemwambia. Kama amechoka, aseme kwa mdomo wake, kwangu, kwa Yamilé, kwa daktari, nami nitakaa naye mpaka mwisho na nitamkaangia ndizi zote za mkoa huu. Lakini mkono wangu asiuibe tena. Kila siku ya safari nitapima pointi, na yeye, mwenye vipande vyote viwili, atanipa kipimo, kama zamani. Chochote atakachonipa ndicho nitakachotumia.

"Hata chembamba?"

"Hata chembamba."

"Utaweza?"

Nimekwenda kukausha vikombe.

Jumatano, 7 Juni

Kinene.

Ijumaa, 9 Juni

Kinene. Mvua.

Jumatatu, 12 Juni

Kinene. Alichelewa kunipa, kahawa ikapoa.

Jumatano, 14 Juni

Kinene.

Ijumaa, 16 Juni

Kinene. Amemtania Yamilé kuhusu mchumba wake. Nimejisikia karibu na furaha, nikaogopa.

Jumatatu, 19 Juni

Alfajiri mvua ilikuwa inashuka moja kwa moja, nzito. Nimefungua kifuniko, nimenyoosha mkono nyuma bila kugeuka. Amenipa. Vidole vimejua mara moja.

Sikugeuka. Nimelegeza skrubu, nimelibana pengo mpaka kile kipande chembamba kikasitasita, nimekaza. Nimefunga kifuniko. Nimemsaidia kuingia kwenye kigari, nimemfunika turubai. Nimevaa helmeti. Nimepiga teke.

Nimeahidi kutumia, sikuahidi kuacha kupiga. Teke la tano, la kumi. Kwa kawaida hapa Evelio anafumba macho. Leo hakufumba. Taa ya Migdalia ilikuwa imewashwa na nilimwona Evelio ananitazama, maji yakimtiririka usoni, anatazama goti langu, lile bovu, likipanda na kushuka. La kumi na tano. Niliteleza nikaangukia kifua kwenye usukani, nikasimama. La kumi na sita. Sikulia. La ishirini. La ishirini na tatu.

"Basi, Odalys."

Nimepiga la ishirini na nne.

"Nimesema basi!"

"Basi nini? Sema."

Nilisimama kwa mguu mmoja nikisikia mvua kwenye tangi.

"Basi lete kile kingine," akasema. "Na bisibisi. Sogeza kiti, nipime mwenyewe."

Nimemletea kigoda. Amekaa mbele ya injini kwa mara ya kwanza baada ya miaka miwili, mimi nikamshikia turubai juu ya kichwa na tochi kwa meno. Bisibisi ilimponyoka mara nne. Alinitukana kwa sababu natikisa tochi. Nusu saa kamili kwa kazi ya dakika tatu. Alipopitisha kipande cha Fermín kati ya pointi kilitoka kwa kusitasita, akakipitisha tena, hana haja, alitaka tu kukisikia.

Teke la kwanza.

Tumechelewa dakika arobaini na tano. Yamilé ametazama mikono ya Evelio, grisi mpaka kwenye viwiko, akamletea sabuni bila kuuliza.

Jumanne, 20 Juni

Kipande chembamba nimekikuta mezani karibu na daftari hili. Nimekiweka hapa katikati ya kurasa, kinanisaidia kukumbuka nilipoishia.

Jumatano, 21 Juni

Vikombe vitatu na nusu. Kilo sabini. Kinene.